Mhandisi wa Turfhoek na Hesabu ya Magari

Mama yetu mpendwa, Wiebrigje Terpstra, alizaliwa tarehe 9 Februari 1936 mjini Sneek, mtoto wa pili wa mzee Sjoerd, fundi baiskeli, na mkewe Baukje, akasoma hapo hapo, kisha akahitimu uhandisi wa barabara katika chuo kikuu cha Delft mwaka 1960, na tarehe 3 Aprili 1961 akaajiriwa na idara ya usafiri ya mji wetu wa Oosterwaard. Tarehe 12 Juni 1964 alifunga ndoa na baba yetu, Douwe Kalma, msimamizi katika kampuni ya ubomoaji, wakajaliwa watoto wawili, Hylke na Jeltsje.

Serikali ilipopendekeza barabara kuu ya kukatisha mji, kwa madai kwamba magari yalikuwa yamezidi, nyumba mia nne za mtaa wa Turfhoek zilipangiwa kubomolewa, na kampuni ya baba ikaahidiwa kazi hiyo. Mama aligundua kwamba magari yalihesabiwa kwenye daraja moja la mji, wiki ambayo daraja la pili lilikuwa limefungwa na magari yote yakipitia hapo, hivyo idadi ilikaribia mara mbili ya kawaida. Akamweleza mkuu wake, aliyekuwa amemtuma akasome ripoti hiyo mbele ya madiwani, akajibiwa, "Wewe soma kilichoandikwa, bibie. Mengine tuachie sisi."

Nyumbani baba akamwambia, "Ukifungua mdomo, mimi sina kazi."

"Najua, Douwe."

Wakamaliza supu yao.

Tarehe 14 Machi 1972, mbele ya madiwani, alisimama akasoma idadi ya kweli, meya akamwamuru akae, naye akaendelea, akisema serikali ina haki ya kuwapangia watu njia, lakini si kwa hesabu ya uongo. Mzee mmoja wa Turfhoek akauliza, "Kumbe mlikuwa mnatubomolea bure?" Madiwani wakapiga kura, na mradi ukaanguka kwa tofauti ya kura moja. Mama alisimamishwa kazi miezi saba, baba akaachishwa yake, na kwa majuma sita hakumsemesha, hadi asubuhi moja alipomsogezea kikombe cha kahawa na kusema, akilifupisha jina lake, "Basi, Wiep. Yaishe."

Alirudishwa kazini, akapanga njia za mabasi na baiskeli hadi alipostaafu mwaka 2001.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2018, akafariki tarehe 6 Januari 2019. Tulipomuuliza, kabla hajafariki, tusome nini siku ya kumzika, alisema, "Semeni niliogopa. Siku ile nilishika meza nisianguke. Msije mkawadanganya watu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake, na ninyi majirani wa Turfhoek, mliotoka leo kwenye nyumba zenu kuja kumsindikiza.

Pumzika sasa, mama, kwa amani.