Koti Refu la Mzee Lyamba

Ndugu waombolezaji, mama yetu Kabula ameagiza yasomwe yote, hata yale yanayotutia aibu mbele ya wakwe. Basi tunayasoma.

Mzee Lyamba Malale alizaliwa tarehe 14 Mei 1936 huko Maswa. Alisoma hadi darasa la nne, kisha akaitwa nyumbani kuchunga. Mwaka 1958 alimuoa Kabula, na mwaka 1981 walihamia hapa Sibwesa na ng'ombe wao. Alilima mahindi na kuwafundisha vijana kulima kwa plau. Wavivu aliwafokea bila kuwapa nafasi ya kujitetea, lakini ndama akizaliwa mvuani alimlaza jikoni.

Kwa miaka mingi aliugua ngiri upande wa kushoto. Aliificha kwa koti refu, hata kwenye jua la Septemba. Mwaka 1994 maumivu yalimshinda, akapelekwa hospitali ya misheni. Daktari alimwonyesha wavu mwembamba wa nyuzi za plastiki zilizofumwa kiwandani. Akamweleza kuwa wavu huo utashonwa ndani ya tumbo, na nyama itaota kupitia matundu yake mpaka pale palipolegea pawe imara.

Mzee akauliza, "Sasa nyie mnanitega kwa wavu kama migebuka ziwani?" Wodi nzima ikacheka.

Alipona kabisa, akarudi kwenye plau. Majirani tuliwaambia alikuwa ameenda mnadani. Tunaona haya kulisema hilo leo, maana wapo waliokuwa wakiumwa kama yeye, nasi tuliwanyima habari.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwaka jana ngiri ilitokea upande wa kulia, naye akanyamaza. Utumbo ulipojinyonga, mvua hizi zilikuwa zimekata barabara, hivyo alifika Mpanda akiwa amechelewa. Nesi alimuuliza, "Babu, mbona hukuja mapema?" Akajibu, "Mjukuu wangu, niliona aibu kuvua suruali mbele yako." Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Machi 1998.

Ameacha mjane, Kabula, mabinti, Lucia na Hana, wajukuu, na mwana mmoja wa kiume, Ndaki, ambaye ndiye mimi ninayewasomea.

Koti nililovaa ni lake. Mmedhani nimelivaa kwa sababu ya mvua. Hapana, nina ngiri kama yake, huu mwaka wa pili. Tukianua tanga nakwenda kupasuliwa, na mwanaume mwenye shida hiyo aje twende wote.

Koti hili naomba lizikwe naye, baba apumzike nalo kwa amani.