Nimembeba Mara Sita

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu yetu. Daktari wetu wa mifupa. Mama mzazi wa mchezaji tunayemuaga. Ndugu wageni waalikwa mliokaa kwenye viti vyenye vitambaa, na ninyi wenzangu wa viti vya plastiki. Wachezaji wa zamani wenye vitambi, na wachezaji wa sasa ambao vitambi vyenu viko njiani. Mashabiki mnaolipa mlangoni, na mashabiki mnaoruka ukuta, ambao nawajua kwa suruali zenu zilivyochanika: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi. Mshereheshaji ameninong'oneza, "Mzee, dakika kumi, na tafadhali usimguse mtu." Nimemjibu kwamba kazi yangu hapa, mwaka wa ishirini na tatu sasa, ni kugusa watu, tena walioanguka. Kwa msionijua, mimi ndiye mbeba machela wa uwanja huu. Kazi inayonilisha ni useremala. Shule niliishia darasa la nne, kwa makubaliano kati yangu na mwalimu mkuu, kwa hiyo hotuba hii nimeiandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Mkiona nimekwama mahali, msidhani ni uchungu wa kuagana. Ni mwandiko.

Mmemsikia Mwenyekiti muda si mrefu. Sote tulialikwa kuja kumuaga mchezaji aliyeitumikia klabu hii miaka kumi na mitano. Keki ile pale imeandikwa "Kwaheri" kwa sukari. Halafu Mwenyekiti akasimama, akatoa karatasi kwenye koti, akasema ana zawadi ya kushtukiza: mkataba wa msimu mmoja zaidi. Akauweka mezani, kalamu juu yake, akasema keki isikatwe mpaka tujue kama jamaa anaondoka au anabaki. Mlipiga makofi mpaka feni ikatikisika. Mimi sikupiga. Nilikuwa namtazama Sindano. Naye Sindano alinitazama mimi, akamtazama mama yake, kisha akasema kwa upole kwamba atajibu hotuba zikiisha. Hotuba ya mwisho ni hii. Kwa hiyo mniwie radhi, nitasema polepole.

Sindano. Kuna vijana humu wanadhani jina hilo amelipata hospitali. Hapana. Alikuja hapa ana miaka kumi na tisa, mwembamba hivi kwamba jezi ilikuwa inamvaa yeye, na pasi zake zilipita mahali ambapo uzi tu ndio ungepita. Jina likamkaa. Hospitali nako wakamwita hivyo hivyo, kwa sababu nyingine: mwanaume huyu aliyepigwa mateke na mabeki wa nchi nzima bila kulia, akiiona sindano huuliza choo kiko wapi.

Sasa niwaeleze kidogo kazi yetu, maana hamjawahi kuuliza. Machela hubebwa na watu wawili. Wa mbele, upande wa miguu, anaangalia njia. Wa nyuma, upande wa kichwa, anaangalia uso wa mgonjwa. Mwenzangu ni huyu mrefu hapa, tunamwita Twiga. Kwa kuwa yeye ni mrefu na mimi mnaniona nilivyo, mgonjwa wetu siku zote huteremka taratibu kuelekea kwangu, akafika mwisho wa safari kichwa chake kiko tumboni pangu. Ndiyo maana kusema na mgonjwa ni kazi yangu. Na mbeba machela ana maneno matatu tu, nami niliyarithi kwa mzee aliyenitangulia: "Ni kidogo tu." Mfupa ukitoka nje, ni kidogo tu. Goti likitazama nyuma, ni kidogo tu. Ni uongo, lakini ni uongo wa mita sitini. Ukimfikisha kwa daktari, kazi yako imekwisha.

Mara ya kwanza kumbeba Sindano ilikuwa mechi yake ya kwanza, dakika ya kumi na moja. Wakati huo klabu haikuwa na machela. Machela yetu ilikuwa mlango wa choo cha chumba cha wageni, ambao niliubandua mwenyewe na kuupigilia vishikio, ndiyo maana siku zile timu ngeni zilikuwa zikiingia chooni zinaimba. Tukamlaza kijana juu ya mlango. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeshavimba kama embe dodo.

Akaniuliza, "Mzee, umevunjika?"

"Ni kidogo tu, mwanangu."

"Nimeusikia ukilia."

"Huo ni mlango. Wa zamani huo, bawaba zake zinalia."

Mama huyu hapa akateremka jukwaani, akampita askari, akampita na mbwa wa askari, akatusimamisha katikati ya njia. "Mwanangu ana nini?" Nikamwambia, "Ni kidogo tu, mama." Akanitazama toka juu mpaka chini, na safari yenyewe si ndefu. "Wewe ni daktari?" Nikasema mimi ni seremala. Akasema, "Basi nyamaza ubebe."

Nilinyamaza, nikabeba. Miezi sita baadaye kijana akarudi, akafunga goli siku hiyo hiyo.

Sitawasimulia mara zote sita, Daktari yupo na ana mafaili. Mara mbili ilikuwa goti lile lile la kulia. Mara moja ilikuwa mtulinga, mfupa huu wa begani, na hiyo naomba isiandikwe popote, maana hakuguswa na mtu: alifunga goli, akafurahi, akakimbia kuruka juu ya bango la matangazo, bango likamkataa. Tulipomfikia alikuwa analia na kucheka pamoja. Nikamwambia ni kidogo tu. Akasema, "Mzee, usiniambie mimi, mwambie kocha."

Lakini ile ya tano ndugu zangu haikuwa ya kucheka. Kano za goti zilikatika. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na magazeti yakaandika habari zake kwa lugha ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Hapa, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nikupongeze kwa moyo mweupe. Watu wengi wanasema ofisi yako ni nzito, kwamba barua ikiingia pale inaota ndevu. Mimi nabisha. Kabati la Sindano, lenye viatu vyake na picha ya mama yake, ulilitoa kwa mchezaji mwingine ndani ya siku tisa. Siku tisa, na mbili kati yake zilikuwa sikukuu. Haraka ya namna hiyo sijaiona tena.

Viatu vile vilikuja karakanani kwangu ndani ya mfuko wa saruji, na mwenyewe akaja navyo, kwa magongo. Mtaalamu wa viungo alikuwa amemwambia goti litapona kwa kupiga pedeli za baiskeli isiyokwenda popote, saa mbili kila siku. Sisi baiskeli ya namna hiyo tungeitoa wapi? Lakini mimi ninalo jiwe la kunolea, lile la kuzungushwa kwa mguu. Nikamwekea kiti. Wiki ya kwanza alizungusha mara tatu akageuka kijivu. Wiki ya sita alikuwa anazungusha mpaka cheche zinafika barabarani. Kukaa bure hataki, kwa hiyo akawa ananoa. Patasi zangu zikaisha, akanoa visu vya jirani, mapanga, mikasi ya fundi cherehani, mpaka watu wa mtaa ule wakawa hawakati kitunguu bila kujikata na kidole. Miezi minane. Kuna siku nilimkuta amesimamisha jiwe, amekaa tu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mzee, na nisiporudi?" Nikamwambia, "Usiporudi kuna kiti kile kinahitaji kupigwa msasa." Akacheka, akaendelea kukanyaga.

Akarudi. Mnajua wenyewe alivyorudi: misimu mitatu, kitambaa cha unahodha mkononi, na mabeki vijana wanaomba radhi kabla hajawapita. Nauliza, ni nani humu ndani hajawahi kumkumbatia mtu asiyemjua kwa sababu ya huyu? Mimi nilimkumbatia jirani yangu tuliyekuwa tunagombania naye mpaka wa kiwanja. Kesho yake tukaendelea kugombana, lakini kwa sauti ya chini.

Ya sita ilikuwa mwaka jana, goti lile lile. Akarudi tena, ila safari hii akasema huu ndio msimu wa mwisho, na anaomba kitu kimoja tu. Asubuhi ya mechi ya Jumamosi iliyopita alinikuta nafuta machela, hizi za kisasa za bati. Akasema, "Mzee, misimu yangu mingi nimeimaliza nimelala. Leo nataka kutoka kwa miguu yangu. Hata nikianguka, usije." Nikamwahidi.

Dakika ya themanini na sita akaanguka. Mliona. Ahadi yangu mimi nikaisahau, na ruhusa ya refa nikaisahau pia; nikakimbia, na Twiga nyuma yangu na machela. Mzee wa miaka sitini na nane kukimbia mbele ya watu elfu nne ni jambo la kujitakia. Nikakanyaga chupa ya maji. Nikausikia mguu ukilia, na safari hii hapakuwa na mlango wa kusingizia. Kumbe Sindano amekamatwa na msuli tu, anajinyoosha. Akainuka, akanikuta mimi ndiye nimelala. Refa ameshika mfuko wa kadi, hajui kama aniandike. Twiga anauliza, "Sasa nani anashika upande wa kichwa?" Nahodha akashika.

Basi akatoka uwanjani kwa miguu yake, kama alivyotaka, amenibeba mimi. Mkasimama wote, na wale wa timu pinzani. Nilikuwa naumia hadi nyota za mchana naziona. Nikamtazama usoni, nikamuuliza, "Umevunjika?" Akainama, akasema, "Ni kidogo tu, mzee."

Umevunjika mahali pawili, Daktari ndiye aliyeufunga plasta hii.

Sasa nisikilizeni. Nilipoambiwa maneno yale nimelala, ndipo nilipoelewa nilichokuwa nawapa watu miaka yote hii. Ni maneno mazuri sana. Yanakufikisha. Lakini unayajua ni uongo, na unamshukuru aliyeyasema, na bado ungependa mtu mmoja akuambie kweli. Kwa hiyo Sindano, mwanangu, ukasirike baadaye. Nitaisema mbele ya mama yako.

Mama, miezi miwili iliyopita tulikwenda kwa Daktari huyu, mimi na mwanao. Tuliporudi ulitukuta mlangoni, ukauliza, nami nikakujibu ni ukaguzi wa kawaida. Nilikudanganya. Daktari alisema hivi: "Maliza mechi tatu zilizobaki na bandeji, halafu basi. Goti hili ni la kutembelea. Ukilipeleka msimu mwingine, sikuhakikishii hata ngazi za nyumbani kwako." Daktari, nimekosea neno? Anatikisa kichwa, sijakosea. Sindano aliniapisha nisiseme, ili watu wasimwonee huruma kabla ya mechi. Mechi zimekwisha, na kiapo nimekiona hakina kazi tena.

Mheshimiwa Mwenyekiti, najua hukuyajua haya, na sasa unayajua. Msimu ujao una viti vya kujaza, na jina lake linajaza viti, sikulaumu. Msimu mmoja unaonekana mfupi ukiwa umeandikwa kwenye karatasi nzuri.

Wala Sindano sikukatazi. Goti ni lako, kalamu ile pale. Ila ujue jambo moja. Ukisaini, nitakuja uwanjani, nitalipa mlangoni kama mtu mwenye heshima zake, nitakushangilia mpaka sauti ikauke. Lakini machela sishiki tena, na Twiga nimeshamwambia. Kukuinua mara ya saba, nikijua ninachokijua, mikono yangu imekataa, na mdomo wangu hauna la kukuambia njiani.

Nimemaliza upande huo. Nilikuwa na ukurasa mwingine wa sifa zako, ila naona umesimama.

Kaeni, kaeni, mwacheni apite. Mpigapicha, toa huo mguu wa kamera njiani, huyu mtu tumemtibu kwa shida. Mwenyekiti amemfungulia kalamu. Mheshimiwa, una imani kubwa, nakusifu. Haya, amefika mezani. Amempa Mwenyekiti mkono, kwa adabu, kama alivyolelewa. Amepita. Jamani, amepita meza, wala karatasi hajaitazama. Anakwenda mstari wa mbele. Mama, msogelee jirani yako, mwanao anataka kukaa.

Namshukuru Mgeni Rasmi kwa kutosinzia, Daktari kwa mikono yake, na Mwenyekiti kwa kuirudisha kalamu mfukoni. Mama ameweka kiganja juu ya lile goti. Basi mimi ninyamaze. Asanteni kwa masikio yenu; keki ikatwe.