Gunia la Chupa

Gunia la chupa tupu za soda ndilo lililoleta maneno. Gari la Moiben lilikuwa limetoka tu Eldoret wakati mama aliyeketi kando ya Abdikadir alipolipapasa akasema, "Afadhali wewe, Mzee, huzitupi."

Alikuwa Mwalimu Hulda wa chekechea, anatoka hospitali. Akaeleza bila kuulizwa. Aliwafundisha watoto kwamba plastiki inaharibu mto, kwa hivyo kila mmoja atafute chupa kuukuu, aioshe, abebee maji ya kunywa. Jeruto, wa miaka mitano, aliokota yake kwa shamba la babake. "Nikaambia darasa wampigie makofi. Kumbe ilikuwa imewekwa dawa ya magugu. Saa hii anapumulia mashine."

"Hapo ulikosea, Mwalimu," Abdikadir alisema, kwa ukali wa mtu anayeuza dawa za shamba. "Chupa ya dawa ya magugu imeandikwa hatari, na iko na picha ya fuvu. Ungeangalia."

"Ilikuwa ya soda, Mzee. Haikuwa imeandikwa kitu."

Abdikadir akageukia dirisha. Wakulima wasioweza kununua lita nzima aliwapimia dawa mwenyewe dukani kwake kwa chupa za soda, nao wakamwombea baraka.

"Babake anakataa kutaja duka," Hulda aliendelea. "Eti mwenye duka ni mtu mzuri."

Gari likasimama Moiben. Kondakta akashusha gunia.

"Wacha nikusaidie, Mzee," Hulda akasema, akilishika upande mmoja. "Tunapeleka wapi?"