Watoto wa Mchirizini

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu wa jumuiya. Nimesimama nitoe ushuhuda wangu.

Wengi mnajua nilikaa miezi mingi bila kupokea Komunyo. Hamjui kwa nini. Nilijifungua mtoto wa kiume hapa Garissa, msimu wa lile joto lisilopoa. Siku ya tatu akakataa kunyonya. Jirani yangu wa mtaa wa Iftin, Sahra, ambaye ni Msomali na Mwislamu, alimgusa paji la uso akaniambia, "Mama, huyu mtoto iko moto sana. Beleka hosbitali. Na ita badri yenu, haraka."

Hospitali nilimpeleka. Padri sikumwita. Nilitaka mama yangu afike kwanza kutoka Kitui na gauni jeupe, lile tulilovaa sote tukibatizwa. Ndugu zangu, nilisubiri nguo! Kabla basi la mama halijafika, mtoto alikuwa amefariki. Hata mimi ningeweza kumtia maji ya ubatizo, mafundisho niliyasoma: mtoto akiwa hatarini, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Sijui akili ilikuwa wapi. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini yangu yalikuja siku ile ile. Nikajiona nimemfungia mwanangu mlango wa mbinguni.

Mwaka huu parokia ikatupeleka hija Pwani, kwenye kanisa la kale lililojengwa na Wakristo wa kwanza wa upande ule. Wenzangu waliingia ndani kutazama madhabahu. Mimi nikabaki nje, nikaona vijiwe vidogo vimepangwa chini ya ukingo wa paa. Nikamuuliza mama aliyekuwa akifagia pale.

"Ni watoto waliofariki bila ubatizo, dada," akasema. "Zamani mama zao waliomba wazikwe hapa mchirizini, maji ya mvua yakishuka kwenye paa la kanisa yawaangukie."

Nilikaa mchangani nikalia kwa sauti. Kumbe sikuwa wa kwanza kuchelewa. Wanawake wale hawakuwa na hakika, wala mimi sina. Waliwasogeza watoto wao karibu na Mungu kadiri mikono yao ilivyofika, yaliyobaki wakamwachia yeye. Siku ile niliungama, nikapokea Komunyo.

Sijapona, nisiwadanganye. Mtoto akilia kanisani bado natoka nje. Lakini namshukuru Mungu, ameniondoa kwenye kiti cha kuhukumu mwanangu yuko wapi. Kama yupo humu mama anayejilaumu, namwambia: Mungu hakuchelewa pale ulipochelewa wewe. Mwachie mtoto wako. Mimi nimemwachia wangu.