Maji ya Kumwoshea

Assalaam alaykum, na ndugu zangu Wakristo, amani iwe kwenu pia. Mmenipa kiti cha mbele na glasi ya maji. Kiti nashukuru. Maji nitayanywa nikimaliza, maana nikiyatazama nitashindwa kusema.

Mimi ni wa kijiji cha jirani yenu tu. Mwanzo wa miaka hii ya tisini nilikuwa naosha malori mjini, Shimanzi, kwenye yadi moja ya mizigo. Kutwa nzima nimeshika mpira, natoa tope kwenye magurudumu. Maji matamu ya mfereji, ndugu zangu, yakenda zake mtaroni. Na kule nyumbani binti yangu wa darasa la tano aliamka alfajiri kwenda silangani, lile bwawa tunaloshirikiana na ng'ombe, ajaze dumu alibebe mpaka shule. Mwajua wenyewe. Asiyekuja na maji alirudishwa. Ndiyo waliyokunywa, ndiyo yaliyopikiwa chai ya walimu.

Siku moja shemeji yangu akanijia pale yadini. Hakunisalimu sawasawa.

"Shemeji, twende nyumbani. Mtoto anahara tangu jana."

Tulipofika alikuwa ameshafariki.

Sasa nawaambia jambo ambalo sijalisema mbele ya watu. Kina mama walitaka maji ya kumwosha maiti, na nyumba nzima haikuwa na tone. Vijana wakatumwa silangani. Nikawaona kina mama wakiyachuja kwa leso, wakarudia tena, yakabaki na rangi ya chai ya maziwa. Maji yaliyomuua ndiyo yaliyomwosha. Nikamfokea mke wangu, "Haya nayo ni maji?" Akanijibu polepole, "Baba watoto, mengine yako wapi?"

Mdogo wake alikuwa darasa la pili, naye ana kidumu chake. Nikasema huyu haendi shule tena. Bora mjinga aliye hai.

Nikarudi kazini. Lakini kila nikishika ule mpira, mikono yafa ganzi. Nasimama tu, maji yanamwagika, nyapara anapiga kelele, "We bwana, waosha gari au wamwagilia bustani?" Nikafukuzwa, na simlaumu. Nikawa nalala Mwembe Tayari kwenye vibaraza, kati ya abiria wanaongoja mabasi, watu wakidhani nami ni msafiri. Msafiri wa kwenda wapi? Hata sala niliiacha. Niliingia msikitini nichukue udhu, nikafungua mfereji, maji yakaja meupe, mengi. Nikaufunga nikatoka. Nilimkasirikia Mungu, masheikh mliomo mnisamehe.

Aliyenilisha ni mama mmoja muuza viazi karai, mtu wa kwetu. Siku moja akanishika mkono kama mtoto mtundu, akanipeleka mtaa wa Tudor kwenye mkutano wa chama chetu cha mazishi, cha watu wa kijijini tunaofanya kazi mjini. Akasimama, akaomba wanachama wachange wanunue tangi la kukinga mvua kwenye mabati ya shule.

Mweka hazina akatikisa kichwa. "Mamangu, kanuni waijua. Chama hiki ni cha kuzikana. Nani amekufa?"

"Hajafa," akasema yule mama, akimaanisha yule mdogo aliyebaki. "Ndiyo maana nimekuja leo. Mwataka nije lini?"

Mimi nililia pale pale, mara ya kwanza tangu mazishi, kilio cha kutia aibu. Wengine waliondoka kwa hasira, na chamani hawajarudi mpaka leo. Waliobaki wakachanga.

Nilikwenda kijijini na lile tangi, nikalijengea msingi pale shuleni kwa mikono yangu. Mvua iliponyesha nilirudi kuyaonja maji yake. Yule mdogo alirudi shule, anatoka nyumbani na daftari tu, anafika mapema, miguu haina tope. Kina dada waliokuwa wakibaki nyumbani kuteka maji, nao wamo darasani. Lakini nikimtazama akitembea, bega lake moja bado limeinama upande aliokuwa akibeba kidumu. Sitawadanganya kwamba nimepona. Nafanya kazi, nasali, na kila nikichukua udhu namkumbuka mwanangu.

Namshukuru yule mama, na mke wangu ambaye hakunifungia mlango. Namshukuru hata mweka hazina, mbishi yule, kwa maana ndiye aliyepanda paani kupiga misumari.

Nimesikia nyinyi pia mna chama cha mazishi, na watoto wenu bado wanabeba madumu. Basi mkikaa kulijadili hili, lazima mmoja wenu atauliza nani amekufa. Msigombane naye. Mwambieni ni binti wa yule bwana aliyekuja kusema nasi. Wa kwetu bado hawajafa.

Haya, sasa nipeni hiyo glasi.