Mama Akaiti na Jua la Jumapili

Ndugu na majirani wa Vaitoa, na ninyi mliokuja kwa ndege kutoka Rarotonga na Auckland, mmesema mimi mdogo wake ndiye nisome. Basi nitasoma polepole, maana yeye mwenyewe hakupenda mtu anayekimbiza maneno.

Marehemu Akaiti Ngapoko alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Vaitoa, kisiwa cha Enuaroa, akiwa mtoto wa tatu wa Papa Metuariki na Mama Tuaine. Mama alikuwa akisema kwamba alizaliwa akilia kwa sauti kubwa hata kuku wakaruka kutoka kwenye mti wa shelisheli. Mti wenyewe ndio ule, ingawa tufani iliukata nusu.

Alisoma shule ya kijiji, kisha mwaka 1965 akapanda meli kwenda sekondari Rarotonga. Alisoma miaka miwili, baba akaugua, akarudi. Hakulalamika. Alisema hesabu aliyoipata ilimtosha, na iliyobaki angejifunza kwa kuulizauliza, na kweli alituuliza mpaka tukachoka.

Aliolewa na Teariki Ngapoko tarehe 7 Desemba 1974 katika kanisa hili. Siku Teariki alipokuja kumposa, pikipiki yake iliishiwa petroli kwenye kilima cha Ngatiarua, na binti wa watu akamsukuma mpaka nyumbani kwao. Hata walipokuwa wazee, Teariki akijisifu kwamba ndiye aliyemchukua, marehemu alimjibu mbele ya wageni, "Ulinichukua wewe, au nilikusukuma mimi?"

Labda ndiyo sababu kazi yao ikawa kuuza petroli. Kwa zaidi ya miaka ishirini walikuwa na yale mapipa karibu na gati, na kila mmoja wetu amewahi kumwamsha siku asiyotaka kuamshwa. Halafu ukaja ule mwaka meli ilipochelewa na mapipa yakakauka, na Teina, binti yake, akashikwa na uchungu wa kuzaa. Alipelekwa zahanati juu ya mkokoteni wa nazi, mama yake akisukuma. Mtoto alipona. Tangu siku hiyo marehemu hakuyatazama tena mapipa yale kwa jicho lile lile.

Tulipomchagua kuingia baraza la kisiwa, yeye ndiye aliyeleta sheria ya mwaka 2023, kwamba pikipiki yoyote mpya itakayoshuka melini iwe ya umeme. Watu walimcheka. "Mama, unajikata mkono wako mwenyewe!" Naye akasema, "Mkono umenuka petroli miaka yote hii, acha ukatwe, labda Teariki atanibusu." Teariki alikuwa amekwisha kufa wakati huo, Mungu amrehemu, lakini ndivyo alivyokuwa akimtaja, kana kwamba yuko chumba cha pili.

Mapafu yake yalianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka huo huo. Daktari wa Rarotonga akampa mashine ya kumpa hewa, ile iliyokuwa ikinguruma kitandani kama paka, pamoja na mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba, wa kumvusha umeme ukikatika.

Sasa niseme lililotupata, maana sote tulikuwemo. Siku za kazi hapakuwa na shida. Watu walichaji pikipiki mchana huko kazini, jua likiwa kali juu ya paneli za umeme za kisiwa. Lakini Jumapili hapa hatufanyi kazi, na mashemasi waliamua kwamba kuchaji ni kazi. Basi mchana kutwa jua liliwaka bure. Ibada ya jioni ikiisha, jua limezama, kisiwa kizima kilichomeka waya kwa amina moja, na jenereta ya usiku ikazidiwa, ikazima. Ikawa hivyo Jumapili hadi Jumapili. Na kila ilipozima, mashine ya marehemu ilinyamaza, Teina akaukimbilia mtungi. Jumapili moja mtungi ulikaribia kuisha kabla taa hazijarudi. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

Kesho yake mwenyekiti wa baraza alisema wazi, "Mama, tuifute sheria. Turudishe petroli. Roho yako kwanza."

"Na Teina mwingine akishikwa na uchungu meli haijafika?" akauliza. "Usinichagulie kimoja, mwanangu. Navitaka vyote viwili."

Akaomba abebwe mpaka ukumbi wa kanisa, mtungi mapajani, akawaomba mashemasi waruhusu watu wachaji Jumapili mchana. Papa Tuakeu, shemasi mkuu, akamjibu, "Mama Akaiti, wewe! Wewe uliyemfukuza yule Tangi ufukweni kwa sababu aligongelea ubao wa mtumbwi Jumapili!"

"Nilimfukuza, na leo ningemfukuza tena. Alikuwa anapiga nyundo." Akavuta hewa kwanza. "Papa Tuakeu, chakula cha umu yako unakifukia lini shimoni?"

"Jumamosi jioni, kama kila mtu."

"Na taro inaiva lini?"

"Jumapili, tukiwa kanisani."

"Nani anaipika?"

"Mawe ya moto," akasema Papa Tuakeu.

"Basi jua nalo liwe mawe yetu. Waya tutandaze Jumamosi. Kuchomeka ni kama kumfunga mbuzi kabla ya kuingia ibadani."

Ukumbi ukacheka. Papa Tuakeu akatikisa kichwa. "Mama, pumzi umebakiwa nazo chache, na zote umezitia kwenye ubishi."

Jumapili iliyofuata pikipiki zilijipanga ukutani mwa kanisa. Papa Tuakeu ndiye aliyechomeka wa kwanza, akitazama upande mwingine. Jioni ile taa hazikukatika, wala hazijakatika Jumapili yoyote tangu hapo.

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 8 Juni 2025, mchana, akiwa nyumbani kwake, sisi tukiwa kanisani katika wimbo wa mwisho. Dirisha lilikuwa wazi na alikuwa akitusikia. Mashine ilikuwa ikinguruma vizuri. Si umeme uliomchukua, ni siku zake. Teina aliiacha mashine iendelee mpaka wimbo ulipoisha. Kisha akaizima, na umeme wake ukaenda kwa pikipiki za watu zilizokuwa nje.

Ameacha binti mmoja, Teina. Wana wawili, Ngamata na Tuoro, walioko Auckland. Wajukuu saba, akiwemo yule wa mkokoteni. Vitukuu wawili, na mimi mdogo wake. Tumemfunika tivaivai, shuka la viraka alilolishona mwenyewe, ua kwa ua, na tunamlaza hapa uani karibu na Teariki wake, wamalizie ule ubishi wa kilimani.

Mungu ampe pumziko lisilokatika.