Simba wa Safina na Glasi ya Mwisho

Alasiri ya mkesha wa Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, kwenye benchi la kahawa la Bi Mazal, nyuma ya soko la Mahane Yehuda, Nisim mshona viatu alikaa ncha ya kushoto na kaka yake mkubwa Ovadia ncha ya kulia. Mwaka wa sita huu hawasemeshani, na hakuna aliyekubali kuhama benchi. Katikati hukaa Avigdor, mwalimu wa hesabu mstaafu, maarufu kama Profesa, kazi yake kupokeza maneno. Leo Nisim alikuwa na haraka. Mama yao, mwenye miaka tisini na mmoja, kaapa hatatia tonge mdomoni mpaka wanawe waingie kwake pamoja. Na jua likizama ni mfungo, hata maji hakuna.

— Profesa, mwambie aanze kuomba radhi aliyekosa, — alisema Nisim.

— Mwambie aanze mdogo! — alijibu Ovadia. — Yakobo alikuwa mdogo, akamtangulizia Esau mbuzi mia mbili.

— Yakobo ndiye aliyekosa! Mimi nimeiba baraka ya nani?

— Nyote hamjui mchezo, — alisema Profesa. — Yakobo alituma mbuzi mafungu mafungu, apime hasira ya kaka mtu. Zile ni hesabu! Kaini yeye alidhani mchezo ni wa mara moja, akamuua ndugu yake. Na simba wa safina ya Nuhu, mbona hakumla mbuzi?

— Mungu alimzuia, — alisema Nisim.

— Wapi! Alipiga hesabu. Mbuzi wawili dunia nzima: ukila leo, kesho utakula nini?

— Mbuzi walikuwa saba saba, — Ovadia alimkata. — Soma vizuri.

— Basi punda, hao walikuwa wawili! Mungu mwenyewe alitundika upinde wa mvua ili ajifunge mikono, hasira isimrudishe kwenye gharika.

Bi Mazal aligonga birika.

— Nafunga mlango! Imebaki glasi moja ya kahawa. Na nyie mabingwa wa hesabu, mama yenu anakula saa ngapi?

Nisim aliona aibu mpaka masikioni. Akavuta glasi tupu, akaigawa kahawa, glasi moja ikazidi.

— Profesa, mwambie achague. Kama Ibrahimu alivyomwachia Lutu.

Lakini Profesa alishainuka kumsaidia Bi Mazal kuingiza viti. Katikati palikuwa patupu.

— Chagua, kaka, — alisema Nisim.

Ovadia akachukua iliyopungua.

— Ah! — Profesa alimaka mlangoni. — Hesabu gani hiyo?

Ovadia aliimaliza kwa funda moja.

— Inuka, mdogo wangu. Mama ana njaa.